MGENI SIKU YA TATU: MAFUNDISHO YA DINI NYINGI KWA MAISHA YETU YA KAMBINI

(Mazungumzo yaliyotolewa na wazee na akina mama wa dini mbalimbali, kwa niaba ya kamati ya jamii, kambini Nyarugusu, katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni)

    

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo. Tunawashukuru pia wenyeji wetu wa Kasulu na wa mkoa mzima wa Kigoma waliotupokea. Na kabla ya kusema lolote, tunaomba tusimame kwa dakika moja tuwakumbuke wenzetu: waliobaki njiani, waliozama ziwani, na wanaolala katika makaburi ya kambi hii.

(Mkutano ulisimama.)

Asanteni. Tukae.

Ndugu zetu, kamati ilipotuomba tuseme neno juu ya dini na maisha ya kila siku, sisi wenyewe tulianza kwa kubishana. Kundi letu lina Wakatoliki, Wapentekoste, Wamethodisti, Waislamu, Wabahai, na wazee wawili ambao hupenda kusema kwamba wao ni wa dini ya babu zao. Mmoja wetu aliogopa kwamba tunataka kuchanganya dini kama watu wanavyochanganya unga wa muhogo na wa mahindi katika sufuria moja. Tukakubaliana hivi: hatutachanganya. Kila mmoja atabaki na imani yake na ibada yake. Lakini kila mmoja ataleta jambo moja ambalo dini yake inafundisha juu ya kuishi na jirani wakati wa shida, na wengine watamsikiliza bila kumkatiza. Yaliyotoka katika mazungumzo yale ndiyo tunayowaletea leo.

Tunaanza na methali ambayo hata watoto wanaijua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi hudhani kwamba ni methali ya kumchoka mgeni. Wazee wetu hawakuielewa hivyo. Kumpa mtu jembe ni kumheshimu. Ni kumwambia kwamba umehesabiwa kuwa mtu wa nyumbani, unazo nguvu, na unacho kitu cha kutoa. Anayekaa mkekani siku zote, akiletewa chakula na kuondolewa sahani, hata akishiba, moyo wake unanyauka.

Sisi tuliovuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996 kutoka Uvira, Fizi na Baraka, siku zetu mbili zimepita zamani. Watoto waliovuka migongoni mwa mama zao leo nao wamebeba watoto. Mashamba makubwa hatuna, na kutoka nje ya kambi kuna sheria zake. Basi jembe letu la siku ya tatu ni lipi? Jibu letu ni hili: liko jembe ambalo halihitaji kibali, nalo ni kazi ya kumtunza jirani na kuutunza moyo wako mwenyewe. Na shamba lake haliko kanisani wala msikitini peke yake. Liko kwenye foleni ya maji, kwenye mgawo wa posho, kwenye matanga na makaburini.

1. DINI ZETU ZINAIJUA NJIA YA UKIMBIZI

Wako vijana wanaosema kwamba Mungu alitusahau siku tulipovuka ziwa. Hatuwalaumu, hata sisi wazee tuliwahi kusema hivyo. Lakini tulipoketi na kuhesabu, tuliona kwamba ni vigumu kupata dini ambayo watu wake hawakuwahi kukimbia.

Wakristo wanajua kwamba Yusufu na Mariamu walimchukua mtoto Yesu usiku wakakimbilia Misri, kwa sababu mfalme Herode alitaka kumwua. Waislamu wanajua kwamba kabla hata ya kuhama kwenda Madina mwaka 622, kundi la waumini wa kwanza wa Makka walivuka bahari wakakimbilia Habasha, nchi ambayo leo ni Ethiopia na Eritrea. Mfalme wa nchi ile, anayeitwa Najashi, alikuwa Mkristo. Watu wa Makka walituma wajumbe na zawadi ili wakimbizi wale warudishwe. Mfalme hakuzipokea zawadi kwanza. Aliwaita wakimbizi, akawasikiliza wenyewe kwa vinywa vyao, kisha akakataa kuwatoa. Kwa hiyo Mwislamu akimwangalia Mkristo, na akumbuke ni nani aliyewaficha wazee wake wa imani.

Ndugu zetu Wabahai walitukumbusha kwamba mwanzilishi wa dini yao, Bahá'u'lláh, alifukuzwa kwao Uajemi mwaka 1853. Alihamishwa kutoka mji hadi mji, Baghdad, kisha Istanbul, kisha Edirne, mpaka akafungwa Akka mwaka 1868. Alifariki karibu na mji huo mwaka 1892, bila kurudi kwao. Miaka karibu 40 ya uhamisho! Na sehemu kubwa ya maandiko yake aliyaandika katika miaka hiyo.

Hatuwaelezi haya ili kuusifu ukimbizi. Ukimbizi ni ubaya, na aliyeuleta atauliwa na kuulizwa mbele ya Mungu. Tunayaeleza ili mtu asione kwamba kuwa hapa ni dalili ya kulaaniwa. Njia hii ina nyayo za watu tunaowaheshimu.

2. SIKU TULIYOAIBIKA

Sasa tunataka kusema jambo ambalo hatulipendi, maana mazungumzo ya dini yasiyo na toba ni kelele tu.

Ilikuwa katika mwaka wetu wa kwanza hapa, nyumba zikiwa bado ni miti na shitingi. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuja peke yake. Kwenye kadi yake ya posho hakukuwa na jina lingine. Kazi yake ilikuwa kuziba majerikeni na mabeseni yaliyopasuka, kwa kisu alichokichoma motoni na vipande vya plastiki alivyookota. Ukiwa na konzi ya maharagwe ulimpa. Ukiwa huna, alikuzibia hivyo hivyo. Alizungumza na kila mtu kwa Kiswahili, kwa hiyo hatukujua ni wa kabila gani. Siku ya Ijumaa alikuwa kazini, na Jumapili alikuwa kazini.

Usiku mmoja wa mvua alifariki. Asubuhi majirani walikwenda kwa mchungaji mmoja. Akatazama daftari la washarika, jina halimo. Wakaenda msikitini. Wakaambiwa kwamba mtu huyu hajaonekana katika safu hata siku moja. Wakaenda kwa wazee wa makabila, na kila mzee akasema, "Si wa kwetu." Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kila mmoja alisema kweli. Lakini ilipofika saa tisa alasiri, mzee wetu alikuwa bado amelala pale pale, na sisi tumesimama nje vikundi vikundi tukibishana ni nani mwenye maiti.

Ndipo mama mmoja akatoka nyumbani kwake na beseni la maji ya moto. Akaliweka chini mbele yetu. Akasema, "Baba Mchungaji, na wewe Shehe wetu, na ninyi wazee. Huyu baba alipoziba beseni hili hakuniuliza ninasali wapi. Maji yamekwisha pata moto. Ni nani kati yenu wanaume anaingia kumwosha?"

Tuliona haya. Wanaume watatu wakaingia, Waislamu wawili na Mkristo mmoja. Shehe akatuma mtoto nyumbani alete kitambaa cheupe. Ilikuwa ni sanda aliyojiwekea mwenyewe. Alisema wazi kwamba hawezi kumsalia salati ya jeneza mtu ambaye imani yake haijui, na mchungaji naye alisema hawezi kumwandika katika daftari mtu aliyekwisha kufa. Hatukuwalazimisha, kwa maana kila dini ina sheria zake. Lakini wote wawili walivua makoti wakashika majembe. Basi katika kambi hii, jembe letu la kwanza la siku ya tatu lilikuwa la kuchimba kaburi. Pale kaburini kila mmoja aliomba kimya kwa namna anayoijua, na mzee mmoja akamwambia marehemu kwa sauti, "Utusamehe, baba, tumekuchelewesha."

Usiku ule ule wazee wa kijiji chetu walikaa, wakaweka desturi ambayo tunaifuata hata leo: anayefariki kijijini ni wa kijiji. Kila nyumba inatoa konzi ya unga na kipande cha kuni. Dini yake ikijulikana, watu wake wanaongoza ibada na sisi wengine tunabeba. Isipojulikana, sote tunabeba.

Miaka kadhaa baadaye kijana wetu mwalimu alitusomea habari inayosimuliwa na Wabudha, kutoka India ya zamani. Mama aitwaye Kisa Gotami alifiwa na mtoto wake wa pekee. Akazunguka na maiti mikononi akitafuta dawa ya kumfufua. Budha akamwambia alete punje za haradali, lakini zitoke katika nyumba ambayo haijawahi kufiwa. Mama akabisha hodi mlango baada ya mlango. Haradali kila nyumba walikuwa nayo, ila nyumba isiyofiwa hakuiona. Jioni akaelewa, akamzika mwanawe. Tuliposomewa habari hii, akina mama wengi walilia. Hapa kwetu hakuna haja ya kuzunguka kijiji kizima. Bisha hodi nyumba ya pili tu. Kwa hiyo jirani yako, hata kama humpendi, anaijua lugha moja unayoijua wewe.

3. UNGA KIDOGO NA MAFUTA KIDOGO

Tunajua watu wataniambia, "Wazee, maneno mazuri, lakini posho haitoshi." Ni kweli. Tumeona miaka ambayo posho ilipunguzwa, na unga wa mwezi ukaisha mwezi haujafika mwisho. Hatutawaambia kwamba sala inajaza tumbo. Tutawakumbusha habari mbili tu.

Ya kwanza iko katika Biblia. Nabii Eliya alikuwa mkimbizi, akimkimbia mfalme Ahabu. Wakati wa njaa alitumwa Sarepta, nchi ya wageni, kwa mjane maskini. Mama yule alikuwa amebakiwa na konzi ya unga na mafuta kidogo, tena alikuwa anaokota kuni ili yeye na mtoto wake wale chakula chao cha mwisho. Unga, mafuta, kuni: ni kama mwandishi aliiona kambi yetu. Wahubiri husifu muujiza wa unga usiokwisha. Sisi tunaomba mtazame kitu kilichotangulia muujiza. Mjane aligawa unga ukiwa bado ni konzi moja.

Ya pili iko karibu zaidi. Katika barabara ya Mombasa kwenda Nairobi, nchini Kenya, kuna mahali panaitwa Makindu. Hapo Masingasinga waliofanya kazi ya reli walijenga hekalu lao mwaka 1926. Msafiri yeyote akipita hapo hupewa chakula na mahali pa kulala bila malipo, na haulizwi dini yake. Desturi hiyo wameirithi kwa Guru Nanak, aliyezaliwa mwaka 1469. Katika mahekalu yao watu wote huketi chini kwenye safu moja na kula chakula kimoja, tajiri na maskini, wa ukoo mkubwa na wa ukoo mdogo. Kisha wenye uwezo na wasio na uwezo huosha vyombo pamoja.

Hatuwezi kulisha wasafiri wa barabara nzima. Lakini foleni yetu ya bomba ni safu pia. Je, katika safu ile anayetangulia ni nani? Ni mwenye nguvu za kusukuma? Ni ndugu wa mlinzi wa bomba? Au ni mama mjamzito, mzee, na mtoto aliyetumwa na mgonjwa? Waislamu wanatawadha kabla ya sala, na Wakristo wanabatizwa kwa maji. Basi tusiende kwa Mungu na maji tuliyoyapata kwa kumsukuma mjane.

4. KINYONGO

Hapa ndipo penye uzito, na tunaomba utulivu.

Mwaka 2015 ndugu zetu kutoka Burundi walifika kwa maelfu. Waliwekwa kwanza madarasani na makanisani, na idadi ya watu kambini ikaongezeka zaidi ya mara mbili katika muda mfupi. Sisi tuliokuja kwanza tulisema nini? Tuseme ukweli. Wengine walipeleka vyungu na nguo. Lakini wengi tulinung'unika kwamba wamekuja kutumalizia maji na kuni. Yale tuliyoyachukia siku sisi tulipofika, tukayasema kwa midomo yetu wenyewe. Tulisahau upesi.

Liko na la zamani zaidi. Katika mkutano huu wamo watu waliochomewa nyumba, na anayesimama mbele yao bombani anasema lugha ya waliochoma. Wapo walioonewa na majirani wa kijiji kimoja cha huko nyumbani, na leo wanaishi bloku moja. Mtu wa namna hii hatuwezi kumwambia tu, "Samehe, yamepita." Hayo si mafundisho ya dini, ni uvivu wetu wa kusikiliza.

Tulipoulizana dini zinasemaje, tulishangaa jinsi zinavyokutana. Wayahudi wana Siku ya Upatanisho, siku kubwa ya kufunga na kutubu. Walimu wao wa kale walifundisha kwamba siku hiyo inaondoa makosa kati ya mtu na Mungu, lakini makosa kati ya mtu na mwenzake hayaondoki mpaka aende kwanza kumridhisha mwenzake. Waislamu nao wanafundishwa kwamba haki ya mja hulipwa kwa mja, na kwamba toba ya aliyedhulumu haikamiliki mpaka arudishe alichochukua au aombe radhi. Na Yesu aliwafundisha wafuasi wake kwamba mtu akiwa mbele ya madhabahu, kisha akakumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka pale pale, aende wapatane kwanza. Dini tatu, na zote zinakuonyesha njia ile ile: toka kwanza hapa ibadani, nenda kwa mtu uliyemkosea.

Angalieni jambo moja. Mafundisho haya yanamwanza aliyekosa. Hayamwanzi aliyekosewa. Sisi mara nyingi tunayageuza. Tunamwendea mama aliyeumizwa, tunamhimiza asamehe haraka ili kijiji kipate usingizi, na yule aliyemwumiza tunamwacha aimbe kwaya.

Ndugu zetu wa Burundi walitufundisha juu ya bashingantahe, wazee waliokuwa wakiapishwa mbele ya watu ili waamue magomvi kwa haki. Mwenye kazi hiyo alipaswa kuzisikiliza pande zote mbili kabla ya kufungua kinywa, na kutoogopa kusema kweli mbele ya mkubwa. Huko Afrika Kusini, mwaka ule ule wa 1996 sisi tuliokuwa tunavuka ziwa, Askofu Mkuu Desmond Tutu alikuwa anaiongoza tume iliyowasikiliza watu walioteswa na pia waliotesa. Iliitwa tume ya ukweli na upatanisho. Ukweli ulitajwa kwanza. Upatanisho ukifika kabla ya ukweli, ni kufunika donda na usaha ndani.

Kwa hiyo tunawaomba wazee wa baraza: mkisuluhisha, msiharakishe. Mtu aseme mpaka amalize. Na sisi sote tukubaliane kwamba kosa lina mtu, halina lugha. Mtoto aliyezaliwa Nyarugusu hakuchoma nyumba ya mtu.

5. KUNGOJA BILA KUOZA

Jambo linalotuchosha kupita njaa ni kungoja. Tunangoja amani ya kwetu, tunangoja majina kwenye ubao wa matangazo, tunangoja jibu la nchi ya mbali. Mtu anaweza kusema, "Sitapanda mti hapa, sitamsomesha mtoto hapa, maana kesho naondoka." Kesho hiyo ikawa miaka 20.

Watu wa Yuda walipochukuliwa utumwani Babeli, wako waliowaahidi kwamba watarudi karibuni. Nabii Yeremia aliwaandikia barua ya ukweli mchungu. Aliwaambia wajenge nyumba, wapande bustani wale matunda yake, waoe na kuozesha, tena wautakie amani mji ule waliohamishiwa, kwa kuwa amani yake ingekuwa amani yao. Hakuwaambia wasahau kwao. Aliwaambia waishi.

Waislamu waliohamia Madina walipewa kila mmoja ndugu kati ya wenyeji. Abdurrahman bin Auf, aliyeacha mali yake Makka, alipewa ndugu aitwaye Saad bin Rabii. Saad akataka kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, akamshukuru, kisha akamwomba amwonyeshe sokoni ni wapi. Akaanza kwa kuuza jibini na samli kidogo. Wenyeji walitoa kwa moyo, na mgeni akaomba jembe mwenyewe! Hiyo ndiyo methali yetu, imetimia Uarabuni.

Basi, mama anayeshona, kijana anayenyoa, mzee anayesuka vikapu, dada anayewafundisha watoto kusoma chini ya mwembe: msione kazi hizo kuwa ndogo. Mnangoja kama watu wazima.

6. HESABU YA JIONI

Tumalizie na jambo moja la kufanya, maana mazungumzo yakiisha bila kazi, ni upepo.

Katika kusikilizana tuligundua kwamba Waislamu wanahimizwa kujihesabu nafsi zao kabla ya kuhesabiwa. Wakatoliki wana desturi ya kuchunguza dhamiri kila jioni, iliyotiliwa mkazo na Mtakatifu Ignatius wa Loyola. Wabahai wameagizwa wajihesabu kila siku. Na wale wazee wetu wawili wa dini ya babu wakacheka, wakasema, "Sisi tuliulizwa na babu kila jioni motoni: leo umemsaidia nani, na umemkosea nani?"

Tumeyachukua maswali hayo mawili, tukaongeza moja. Tunaomba kila nyumba iyajaribu kwa mwezi mmoja, baada ya chakula, au baada ya kukosa chakula. Swali la kwanza: leo nimemsaidia nani asiye wa dini yangu wala wa kabila langu? La pili: leo nimemkosea nani, na kesho nitakwenda kwake saa ngapi? La tatu: leo nimefanya nini ambacho kingefaa hata kama ningekaa hapa miaka 10 mingine? Watoto nao waulizwe, na wao watuulize sisi. Baba akiulizwa na mtoto wake, asikasirike.

Ndugu Mwenyekiti, siku ya kumbukumbu watu hutaja majina ya wakubwa. Sisi tunaomba katika kijitabu hiki cha kumbukumbu pawe na mstari mmoja kwa ajili ya yule mzee wa kuziba majerikeni. Jina lake kamili hatukulijua, na hiyo ni sehemu ya aibu yetu. Hakutuhubiria hata neno moja. Alikuwa na kisu cha moto na vipande vya plastiki, na kwa siku nyingi kijiji kizima kilikunywa maji kwa kazi ya mikono yake. Yeye hakungoja siku ya tatu. Jembe lake alikuja nalo.

Mungu azipumzishe roho za marehemu wetu. Awape amani watu wa kwetu, na awabariki waliotupokea. Na kila mmoja wetu, katika dini yake, asimpite jirani yake aliyelala chini.